Makaburi ya Vita na Kaka Yake Babu

Kwetu Mashewa, wilayani Korogwe, marehemu babu alikuwa na desturi ambayo sisi watoto hatukuifahamu. Kila alipomaliza kuwaombea wazee wake waliotangulia, alinyamaza kitambo, kisha akainuka bila ya kusema neno. Baba alinieleza baadaye kuwa kimya kile kilikuwa cha kaka yake, aliyechukuliwa kuwa mpagazi baada ya Waingereza kuiteka Korogwe mwezi wa Juni, 1916, asirudi tena. Mama yao alikataa katakata mwanawe asomewe khitima. "Mwanangu hajafa," alisema, na hakuna aliyethubutu kumpinga, hata naye alipofariki.

Vita vile watu wa Tanga huvisimulia kwa kicheko: jinsi Waingereza na majeshi yao ya Kihindi walivyoshuka pwani mwezi wa Novemba, 1914, wakafukuzwa na Wajerumani pamoja na nyuki. Habari za nyuki hazina mwisho. Za wapagazi hazisimuliwi, ingawa pale ambapo hapakuwa na reli, na mbung'o wakaua farasi na nyumbu, kila risasi na kila kibaba cha unga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Walikufa kwa homa, kwa kuhara damu, na kwa unga usioiva waliousonga kwa haraka baada ya mwendo wa kutwa. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi wapatao 45,000 waliokufa upande wao, na wengi waliochunguza huona kuwa walizidi hapo. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Nami nimenunua vitu Kariakoo miaka mingi bila ya kulijua hilo.

Nilipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, nilimwomba mwanangu anipeleke kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Ni mahali safi, mawe yamepangwa safu kwa safu, na juu ya mawe majina. Nikawatafuta wa kwetu. Kumbe makaburi 660 yalihamishiwa hapo mwaka wa 1968 kutoka Ocean Road, ili kupisha barabara mpya, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 yakaongezwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, ambako utunzaji wake haukuwa na hakika tena. Lakini Waafrika na wengineo wasiokuwa Wazungu waliozikwa Ocean Road hawakuwekewa alama, kila mmoja yake, kwa hiyo mabaki yao yalizikwa kwa pamoja. Bila shaka wamo Waislamu miongoni mwao.

Wala hilo halikuwa jambo la kusahau tu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake ya Aprili, 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Sir Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa mwitu upesi iwezekanavyo, wala hakupenda kuitazama idadi ya waliokufa. Nakiri kwamba nilitoka mahali pale nimeghadhibika. Sisi hatutaki marumaru, na kaburi lisilopambwa si aibu kwetu. Lakini kuchagua unyenyekevu ni jambo moja, na kufutwa na mwingine ni jambo jingine.

Niliporudi Mashewa nilimwendea sheikh wetu, nikamwomba tumsalie marehemu swala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi aliyefia mbali Uhabeshi. Sheikh alinisikiliza kwa upole, kisha akasema kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii swala ile husihi kwa aliyekuwa amekwisha kufikiwa na faradhi yake siku marehemu alipofariki. "Wewe na mimi hatukuwa tumezaliwa," alisema. Waliokuwa na haki ya kumsalia walikuwa babu na wenzake, nao walizuiwa na machozi ya mama. Iliyobaki kwetu ni dua na sadaka.

"Basi nipe jina lake," akasema, "tumtaje baada ya Magharibi."

Sikuwa nalo. Nikampigia simu shangazi yangu aliye Handeni, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Akafikiri, akawataja ndugu wote wa baba yake mmoja mmoja, akakwama hapo. Katika nyumba yetu watoto hurithi majina ya waliokufa, na kwa kuwa bibi alisema huyu hajafa, hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Hasira niliyotoka nayo Dar es Salaam sikujua niiweke wapi.

Usiku ule sheikh alimwombea kwa jina la baba yake: mwana wa fulani, aliyebeba mizigo ya watu. Tukaitikia amin.