Eldoret: Mji wa Nyuzi Nyingi

Ukitajiwa Eldoret bila shaka utawaza mbio. Utamwona mwanariadha akipokewa kwa kibuyu cha mursik shingoni mwake kukiwa na taji la maua, na umati ukishangilia. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini Jumapili hii tunakualika uutembelee mji huo kwa njia nyingine: uingie kwa masikio. Sikiliza majina yake, ngoma zake na nyimbo zinazopigwa ndani ya matatu zake, kisha ujiulize, haya yote yalitoka wapi?

Kutoka Nairobi ni safari ya kilomita 310 hivi. Utaipita Nakuru, utapanda hadi kwenye baridi ya Timboroa, utashuka kupitia Burnt Forest, na hatimaye nchi itafunguka mbele yako: uwanda mpana wa mahindi na ngano, ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi likiingia mjini litafuata Barabara ya Uganda. Jina hilo si pambo. Hapo ndipo yanapopita malori yatokayo Mombasa kwenda Malaba na Kampala. Mengine hukata kaskazini, yakaelekea Kitale, Lodwar na Kakuma, hadi Juba. Mji ulioko njia panda haukosi wageni, na wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

JINA LA WALIOONDOKA

Tuanze na majina. Kaunti yenyewe huitwa Uasin Gishu. Hilo ni jina la Wamaasai wa kundi moja waliolisha ng'ombe zao hapa, hadi vita vya karne ya 19 vilipowatawanya. Baadhi yao walikimbilia kwa Waluhya, na huko wakawa askari wa watawala wa Wanga. Watu waliondoka, jina likabaki. Inaelezwa pia kwamba "Eldoret" imetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani Sosiani unaopita mjini, kisha likatiwa mwisho wa Kinandi. Neno moja, makabila mawili.

Wazee wengi wa Kikalenjin huuita mji huu "Sisibo". Ukiwauliza maana watakucheka, kwa kuwa ni namba tu! Mnamo 1908 Makaburu wa familia nyingi, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walitoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa. Kutoka hapo walipanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha wakapandisha magari yao ya kukokotwa na ng'ombe hadi uwanda huu. Serikali ya kikoloni iliwagawia ardhi miaka michache tu baada ya kuwashinda Wanandi, ambao kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka wa 1905. Posta ilipofunguliwa mwaka wa 1910, iliwekwa kwenye shamba nambari 64. "Sixty-four" ya Kiingereza ilipopita katika vinywa vya Kikalenjin ikawa Sisibo. Makaburu wengi walihama Kenya ilipopata uhuru, na namba yao ikabaki.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka wa 1903 Waingereza walipendekeza kwamba uwanda huu huu uwe kimbilio la Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi. Wajumbe walitumwa kuukagua, na mwaka wa 1905 mkutano mkuu wa chama chao ulikataa. Kumbe Eldoret ilikaribia kuwa nchi ya wakimbizi kabla hata haijawa mji!

RUMBA ILIYOHAMIA KWETU

Sasa panda matatu. Dereva akiwa mtu wa makamo, huenda akakuwekea zilizopendwa. Utamsikia abiria mmoja akiimba taratibu, halafu wa pili, na kabla hamjafika mnakokwenda gari zima litakuwa linaimba. Waulize nyimbo hizo ni za nani. Watakujibu: "Ni zetu."

Na ni kweli ni zetu, lakini tulizipataje? Orchestra Super Mazembe walitoka Kongo, wakapitia Zambia na Tanzania, na kuingia Kenya mwaka wa 1974. Les Mangelepa, nao wa asili ya Kongo, waliunda bendi yao Nairobi mwaka wa 1976. Samba Mapangala alitoka Kongo akapiga muziki Uganda, na katika mwaka wa 1977, Idi Amin akiwa bado anatawala huko, akavuka kuja Nairobi. Baadaye akaunda Orchestra Virunga. Ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanzania, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Si wote waliokuwa wakimbizi. Wengine walikuwa wakitafuta riziki tu, kwa maana Nairobi ilikuwa na studio za kurekodi na viwanda vya kutengeneza sahani za santuri. Hata hivyo walipofika hapa walifanya kazi moja kubwa. Walichukua rumba ya Kilingala, wakaiongezea kasi kwa mdundo wa kavacha, na wakaanza kuimba Kiswahili ili mteja wa Nakuru, Kisumu na Eldoret aelewe kisa. Hivyo hawakuleta tu bidhaa kutoka kwao. Walikaa, wakasikiliza, na kikazaliwa kitu ambacho hakikuwepo Kinshasa wala Nairobi.

Katika maandishi ilikuwa vivyo hivyo. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyekwisha kuchapisha Song of Lawino mwaka wa 1966, alikosana na wakubwa wa nchi yake akaja kuishi Kenya. Alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa Kisumu mwaka wa 1968, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi wa leo wa fasihi simulizi, awe Nairobi au katika Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, anapita njia ambayo watu kama Okot walisaidia kuifyeka.

KINUBI NA BINAMU ZAKE

Lakini kuna ala moja inayoeleza habari hii vizuri kuliko bendi yoyote. Ni kinubi. Sikiliza jina lenyewe: ki-Nubi, yaani kitu cha Wanubi, watu wa bonde la mto Nile. Kiswahili kilipotafuta jina la ala hii ya nyuzi kiliwatazama watu wa kaskazini.

Eldoret imezungukwa na jamii zenye kinubi. Wakalenjin wana bukandit. Wabukusu, walioko upande wa Bungoma na ambao wengi wao wanaishi Eldoret, wana litungu. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Na ukiuliza Sudan Kusini, Wanuer na Washiluk watakuonyesha ala yao wanayoiita thom. Mjaluo akilisikia neno hilo atageuka, kwa sababu kwake muziki ni thum. Hawa ni binamu walioachana njiani karne nyingi zilizopita, huku kila mmoja akiondoka na kinubi chake kwapani.

Basi kijana wa Sudan Kusini anapofika Eldoret na thom yake, je, ni mgeni kweli? Ala yake ina ndugu katika kila kijiji kinachouzunguka mji.

Hao Wanubi wenyewe wapo karibu pia. Wajukuu wa askari ambao Waingereza waliwatoa Sudan mwishoni mwa karne ya 19 wanaishi Kibera, na wengine Eldama Ravine, kusini-mashariki mwa Eldoret. Wana ngoma yao ya doluka na ufumaji wao wa vikapu vya rangi. Lakini usifikiri kwamba kutajirisha lugha na ngoma za watu humpatia mtu kitambulisho. Mwaka wa 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kutowatambua kuwa raia tangu kuzaliwa. Zaidi ya miaka 100 nchini, na bado mtoto anaulizwa kwao ni wapi!

WATU WA BARABARA YA KASKAZINI

Kambi ya Kakuma, huko Turkana, ilifunguliwa mwaka wa 1992 ili kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Leo Kakuma na jirani yake Kalobeyei zina wakimbizi zaidi ya 250,000 kutoka nchi nyingi. Atokaye huko kwenda Nairobi kwa barabara hupitia Lodwar na Kitale, na mara nyingi Eldoret huwa mji mkubwa wa kwanza anaoukuta. Jamaa nyingi za Sudan Kusini zimepanga nyumba hapa, hasa kwa ajili ya shule za watoto.

Wanakuja na nini? Wanakuja na milaya, mashuka ambayo wanawake huyatarizi kwa maua na ndege wa rangi kali. Wanakuja pia na nyimbo. Katika miaka ya vita, 1983 hadi 2005, Wadinka walitunga mamia ya nyimbo za kanisani kwa lugha yao, na watungaji wengi walikuwa wanawake. Mmoja wao, Mary Alueel Garang, anajulikana sana. Kanisa lililochomwa lingeweza kuachwa nyuma, lakini wimbo ulibebwa kichwani ukavuka mpaka bila kukaguliwa.

Utamkumbuka pia Emmanuel Jal. Alikuwa askari mtoto huko Sudan, akaletwa Kenya akiwa mvulana, na mwaka wa 2005 wimbo wake "Gua" ulivuma sana nchini. Kwa Kinuer neno hilo ni amani. Katika muziki wake wa awali alichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer, lugha za mtu aliyepita njia ndefu. Vijana wa Kenya waliucheza wimbo huo, na wengi wao hata hawakujiuliza kijana huyo alitoka kambi gani.

Hata hivyo msanii mkimbizi hana uhuru wa kwenda apendako. Anayetakiwa kuishi kambini lazima apate kibali cha safari kabla ya kutoka. Sheria mpya ya wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua milango kadhaa ya kazi na biashara, lakini mpiga kinubi wa Kakuma aliyealikwa arusini Eldoret bado anaweza kuishia kusubiri karatasi huku arusi ikipita.

TULICHOPOTEZA

Tungekudanganya, msomaji, kama tungeishia hapo. Mji huu huu uliofaidika na wageni uliwahi pia kuwafukuza majirani. Mwaka wa 1992 mapigano ya kikabila yaliyatikisa maeneo ya Burnt Forest. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Maelfu walilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, wakiwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Watu waliokuwa wamezaliwa hapo waliitwa madoadoa, yaani uchafu wa kuondolewa.

Hesabu ya nyumba na mali ilifanywa. Lakini nani alihesabu kwaya zilizovunjika, au mafundi wa ngoma waliohama wasirudi? Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Ukimtoa mpigaji mmoja, hazibaki theluthi mbili za isukuti. Isukuti yote inaharibika. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Urithi wa aina hiyo haulindwi kwa kabati la makumbusho. Unalindwa kwa kumwacha mpigaji akae mtaani kwa amani.

UKIENDA

Ukipata nafasi likizo hii, wapeleke watoto. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji rasmi, na hoteli za kila kiwango zipo. Chukua sweta, kwa kuwa jioni kuna baridi. Siku ya Jumamosi tembea mitaa ya Langas na Huruma, na ukisikia isukuti ya arusi simama kando usikilize. Mara nyingi utakaribishwa. Jumapili, uliza kama kuna ibada ya Wasudan Kusini karibu. Nendeni hadi daraja la Sosiani, mwaeleze watoto majina ya mahali hapo: la Wamaasai waliotawanywa, na la shamba la Kaburu lililogeuzwa Sisibo.

Wanafunzi, nanyi mna kazi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, limewazoesha watoto wa kabila moja kuimba wimbo wa kabila jingine mbele ya waamuzi. Msiishie kwa makabila ya nyumbani. Kama darasani mnaye mwenzenu kutoka Juba, Goma au Mogadishu, mwombeni awafundishe wimbo mmoja wa kwao, na ninyi mmfundishe mmoja wenu. Andikeni maneno yake na mtaje aliyewafundisha, ili kesho mtu akiuliza wimbo huo ulifikaje Eldoret, pawe na jibu.