Nilidhani ni Kosa la Uchapaji

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2005, nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani na kompyuta mapajani, katika chumba tulichopanga wawili mjini Miami. Mwenzangu, dada mmoja wa Mombasa, alikuwa muuguzi na usiku huo alikuwa zamu. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya pili ya hali ya hewa, na nilikuwa nimejipa kazi ambayo sikutumwa na mtu: kunakili daftarini kila ujumbe uliotoka kwenye ndege ya jeshi la anga la Marekani iliyokuwa ikipita na kurudi ndani ya kimbunga Wilma, magharibi ya Bahari ya Karibi.

Jumbe hizo huwa fupi na kavu. Saa, latitudo, longitudo, upepo, joto, mgandamizo wa hewa, upana wa jicho. Ukizizoea unazisoma kama mtu anavyosoma bei sokoni. Jioni bado nilikuwa naona kimbunga kinachopata nguvu, basi. Kisha usiku wa manane ikaja namba ya mgandamizo iliyoanza na 8.

Nikadhani ni kosa la uchapaji. Nikaiandika kwa penseli, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikaenda kuchemsha chai.

Kwa asiyeishi na namba hizi nieleze kidogo. Hewa iliyotulia juu ya bahari hugandamiza kwa hektopaskali 1,013 hivi. Kimbunga kikifika 950 ni kikali. Kikifika 920 watu wazima wanaacha utani. Katika Atlantiki yote, namba ya chini kuliko zote iliyowahi kupimwa hadi usiku ule ilikuwa 888, ya kimbunga Gilbert, Septemba 1988. Kwa hiyo 8 pale mbele ilikuwa ni kama kuambiwa mtoto wa jirani amefikisha futi saba tangu ulipomwona jana.

Ripoti rasmi iliyotoka baadaye iliupanga usiku ule hivi, kwa saa za Miami: saa mbili usiku 946, saa nane usiku 892, saa mbili asubuhi 882. Hektopaskali 54 ndani ya saa sita. Ukihesabu tangu asubuhi ya jana yake, 97 ndani ya siku moja. Na upepo ulipanda kutoka kiwango cha kuanzia tu kuitwa kimbunga hadi daraja la tano, la mwisho, kabla saa 24 hazijatimia.

Sikulala. Lakini ili nieleze kwa nini sikulala, inabidi nirudi nyuma wiki nne.

Tarehe 21 Septemba mwaka huohuo nilipata kiti, mara moja tu maishani, kwenye ndege ya utafiti iliyoingia kimbunga Rita katika Ghuba ya Mexico. Ilikuwa P-3, ndege ya injini nne za pangaboi, aina iliyoundwa kuwindia nyambizi na baadaye ikatumiwa pia kuwindia vimbunga. Ndani haifanani na ndege ya abiria hata kidogo. Ni kama karakana iliyojazwa kompyuta: nyaya, taa ndogo za kijani, viti vyenye mikanda ya mabegani, na harufu ya kahawa iliyochemka kupita kiasi. Wenyeji wa ndege walinipa mifuko miwili ya kutapikia. Niliona kama dharau. Niliitumia yote miwili.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia fundi wa sondi. Sondi ni kipimahewa cha kuangushwa: bomba la karatasi ngumu, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, jepesi kuliko nusu kilo. Ndani mna vihisi vya joto, unyevu na mgandamizo, kipokezi cha setilaiti za kuonyesha mahali, redio ndogo na betri. Kichwani pamekunjwa mwavuli mdogo. Unachana mfuko wake, unakichomeka kwenye kompyuta, unakipa masafa yake ya redio ili kisigongane na mwenzake aliye hewani, unasubiri kikubali, unachomoa, unakidumbukiza kwenye mrija ulio sakafuni, unafunga kifuniko. Mwanasayansi mkuu anahesabu kwenye spika za masikioni. Unabonyeza. Mlio wake ni kama mtu aliyetema mate kwa hasira, na kimeshaondoka.

Hakirudi. Hilo lilinisumbua kuliko mitikisiko. Mimi niliyetoka kwenye kituo cha hali ya hewa ambako kipimajoto kilichovunjika huandikiwa barua tatu, nilikuwa nasukuma baharini kifaa cha mamia ya dola kila baada ya dakika chache, na kila kimoja kiliishi dakika nne. Nilimwuliza fundi, mzee mwenye nywele nyeupe, kama haoni uchungu. Akasema uchungu ni pale kinapokataa kusema.

Na kinaposema, kinasema mara mbili kwa sekunde. Kwenye skrini unaona mstari wa upepo ukijichora kutoka juu kwenda chini. Ndani ya ukuta wa jicho, ule mviringo wa mawingu mazito unaozunguka katikati, upepo unaongezeka kadiri kinavyoshuka, unafika kilele mita mia kadhaa tu juu ya maji, kisha unapungua kidogo kwa kuburuzwa na bahari. Mita hizo mia za mwisho ndizo kiini cha mambo yote, maana ndiko watu wanakoishi, na ndiko ndege haiendi. Wale wazee wa P-3 walikuwa bado wanasimulia kimbunga Hugo cha 1989, siku ndege yao ilipoingia ikiwa chini, kama mita 450, injini moja ikashika moto, na wakanusurika kwa kuzunguka ndani ya jicho hadi wakapata kimo cha kutokea. Tangu hapo kazi ya kwenda chini ikaachiwa sondi.

Sondi za setilaiti zilianza kutumika 1997, na ndani ya miaka michache zilibadilisha hata yaliyokwisha kupita. Kimbunga Andrew, kilichosambaratisha kusini mwa Florida mwaka 1992, kilikuwa kimeandikwa daraja la nne. Mamia ya sondi yalipoonyesha ni sehemu gani ya upepo wa juu inayofika chini, kwa kawaida karibu asilimia 90 ya ule wa kimo cha kilomita tatu, hesabu ikarudiwa, na mwaka 2002 Andrew akapandishwa hadi la tano. Miaka kumi baada ya nyumba kuanguka! Mwenye nyumba wetu, ambaye paa lake liliondoka siku ile, alisema yeye angewaambia bure.

Tuliingia jicho la Rita mara kadhaa. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili mzee wa sondi alinigusa bega akanionyesha dirisha. Tulikuwa katikati ya uwanja wa mpira wa mawingu, kuta nyeupe zimepinda kwenda nje ngazi kwa ngazi, jua juu, na chini bahari iliyovurugika hadi ikawa rangi ya maziwa. Kimya, isipokuwa injini. Alininong'oneza kwenye spika: usizubae, kichomeke kingine. Nikakichomeka. Kila tulipokatiza katikati, namba ya mgandamizo ilikuwa imeshuka tena. Hewa iliyomo ndani ya jicho inashuka na kupata joto. Yenye joto ni nyepesi. Safu nyepesi inagandamiza kidogo. Na kadiri inavyogandamiza kidogo ndivyo upepo wa pembeni unavyokimbilia ndani. Nilikuwa nayajua haya kwa mtihani. Kuyaona yakitendeka kati ya sondi moja na nyingine, nikiwa na harufu ya matapishi yangu kwenye mkono wa shati, ni jambo jingine. Usiku wa siku ile Rita alifika 895.

Sasa turudi sakafuni, Miami.

Nilipomaliza chai ujumbe mwingine ulikuwa umefika, nao pia ulianza na 8. Nikafuta alama ya kuuliza. Kisha nikasoma upana wa jicho, nikadhani safari hii nimekosea mimi: maili mbili za baharini. Chini ya kilomita nne. Halijawahi kuandikwa jicho dogo kuliko lile. Nikafanya hesabu pembeni mwa daftari, na bado ninalo: ndege inayokwenda kilomita saba kwa dakika inalipita jicho zima kwa nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo mtu mmoja, amefungwa mkanda, ndege inarushwa huku na huku, lazima abonyeze mahali hasa palipo katikati. Kisha sondi ishuke dakika kadhaa ndani ya kisima ambacho kuta zake zinazunguka kwa karibu kilomita 300 kwa saa, isiguse ukuta. Nilijua mikono inavyotetemeka kwenye kifuniko kile. Mimi nilitetemeka na jicho la Rita lilikuwa pana.

Saa kumi alfajiri na dakika moja, nyumbani Tanzania ikiwa saa tano asubuhi, sondi yao ilisoma 884. Lakini haikuwa imedondokea katikati. Ilipogusa maji ilikuwa kwenye upepo wa noti 23, yaani maili 23 za baharini kwa saa, na katikati halisi ya jicho hakuna upepo. Wataalamu wana kanuni ya mkono kwa hilo: kwa kila noti kumi, toa hektopaskali moja hivi. Ndivyo 884 ilivyokuja kuwa 882, rekodi ya Atlantiki. Watu wengi wanaoitaja rekodi ile hawajui kwamba namba yenyewe hakuna kifaa kilichoisoma. Kifaa kilikosea shabaha kidogo, kikasema pia kimekosea kiasi gani, na watu wakamalizia. Mimi naona hilo ni la heshima kuliko kama kingepiga katikati.

Yule dada wa Mombasa aliporudi kutoka zamu alinikuta hapohapo sakafuni. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwonyesha daftari. Akaangalia namba, akaniangalia mimi, akasema, "Hii kama ni presha ya mgonjwa tungekuwa tumeshamkimbiza." Akaenda kulala.

Mengine yanajulikana. Wilma alikaa juu ya Yucatán kana kwamba amefika kwao. Isla Mujeres mvua ilipita milimita 1,600 ndani ya saa 24. Tarehe 24 alitufikia Florida akiwa amepungua nguvu, na jicho lake limetanuka kupita kiasi. Tulikaa gizani siku nyingi, tukipika wali kwenye jiko la mkaa barazani na majirani wa Cuba wakituletea maharage meusi. Orodha ya majina 21 ya mwaka ilikwisha na Wilma, wakaanza kuazima herufi za Kigiriki.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Watu hunialika nisimulie, na daima swali ni lilelile: uliogopa? Niliogopa. Lakini nilichokuja nacho si woga, ni kutoridhika. Katika bahari yetu hakuna ndege inayoingia ndani ya kimbunga kama kazi ya kila msimu. Tunatazama picha za setilaiti, tunalinganisha umbo la mawingu na kanuni alizoanzisha Vernon Dvorak miaka ya 1970, tunakisia. Ni kanuni nzuri, na imeokoa watu wengi. Ila jicho dogo kama la Wilma lingeweza kuipiga chenga usiku kucha.

Mama yangu alikuwa mtoto wa miaka saba tufani ya Aprili 1952 ilipopiga Lindi. Hakuwahi kuipa namba yoyote. Alikuwa akisema minazi ililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Aprili 2019 alikuwa Mtwara kwa kaka yangu wakati kimbunga Kenneth kilipokuwa kikipata nguvu kwa kasi karibu na Komoro. Nilikuwa Dar es Salaam, mbele ya skrini tena. Kituo cha Réunion, kinachohusika na eneo letu, kilikadiria 934. Mkoani walikuwa wameshatangaza shule zifungwe na watu wahamie sehemu salama. Mtoto wa kaka yangu akanipigia.

"Shangazi, shikamoo. Upepo wake ni kilomita ngapi?"

Nikamwambia: mia mbili na kumi na tano.

"Wameupima na nini?"

"Hawajaupima, mwanangu. Wameukadiria kwa picha."

Akanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya mama nyuma yake akiuliza shangazi yako anasemaje, naye akamjibu kwamba shangazi anasema tuondoke. Sikuwa nimesema hivyo. Nikamwambia amvalishe bibi yake sweta, achukue dawa zake za presha, na wasisubiri gari la kaka.