Kasese: Mji Uliofuata Reli

Msafiri afikaye Kasese na aanzie stesheni. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956, chini ya milima ya Rwenzori, kuichukua shaba ya Kilembe ikayeyushwe Jinja. Mji ukafuata nyuma ya gari moshi, pamoja na maduka na maghala yake ya pamba. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, wenye maduka wakiwamo. 1982 mgodi ukasimama, na leo gari moshi haliji. Kilichosalia Kilembe chatishwa na Mto Nyamwamba: gharika ya Mei 2020 iliiharibu hata hospitali ya mgodi. Kuta hizo zikitoweka, mtoto ataonyeshwa wapi kazi ya babu yake? Bwera, jirani na Kongo, ina bahati zaidi. Siku ya soko la Mpondwe hakuna aulizaye habari za reli.