Kifani cha Gari cha Kupachika, na Mkono wa Mwalimu

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo walimu wengi huzitazama kwa dharau ni vile vifani vya plastiki viuzwavyo katika visanduku, ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Husemwa kwamba hivyo ni vitu vya kuchezea watoto wa matajiri, wala havina mahali katika shule ya msingi. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba kisanduku kimoja tu cha namna hiyo, kikitumiwa kwa utaratibu, chaweza kumfunza mwanachuo mambo matatu: kufundisha usomaji wa michoro, kufundisha skeli, na lile lililo gumu kuliko yote, yaani kuuzuia mkono wake mwenyewe. Tutaeleza pia upungufu wa zana hii, kwa sababu upungufu huo nao ni somo.

Kifani tulichokitumia chuoni ni cha gari dogo la njia mbovu, Suzuki Jimny, kwa skeli ya 1:32. Kimetengenezwa na kampuni ya Aoshima ya Shizuoka, Japani, mji ambao ni kitovu cha utengenezaji wa vifani nchini humo. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1924 kwa vifani vya ndege, na katika jina lake kamili la Kijapani mna maneno yenye maana ya "zana za kufundishia". Kwa hiyo kile tukiitacho sisi kitu cha kuchezea, wenyewe walikipa jina la kazi yetu. Gari la Jimny la kwanza lilitoka mwaka 1970, na umbo linaloigwa na kifani hiki lilitoka mwaka 2018. Tulilichagua kwa kuwa magari ya ukoo huo si mageni katika barabara zetu za vumbi, na kwa kuwa usukani wake uko upande wa kulia kama ilivyo kwetu. Mtoto hujifunza skeli vizuri zaidi kwa kitu alichokwisha kukiona kikimpita njiani.

Afunguapo kisanduku, mtu haoni gari. Huona fremu kadhaa za plastiki, na katika kila fremu vipande vimening'inia kwa vikonyo vyembamba, mithili ya maembe mtini. Fremu hizo ndizo njia ambamo plastiki iliyoyeyushwa ilipita kuingia katika kalibu, kisha ikaganda. Plastiki yenyewe imekwisha kutiwa rangi, kwa hiyo hapana haja ya kupaka. Wala hapana haja ya gundi. Kipande kimoja kina kijiti, cha pili kina tundu, na kijiti kimefanywa kinene kidogo mno kuliko tundu. Kikisukumwa, plastiki hunepa, kijiti huingia, kisha hubanwa, na msuguano ndio unaokishika. Mwanafunzi aliyepata kuona mpini wa jembe ukigongwa hata ukakaza anaijua kanuni hii tayari. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba anaijua.

Vifaa vya kazi ni vichache: kikata kucha na kipande cha msasa laini. Yafaa kikonyo kikatwe mara mbili, kwanza mbali na kipande, kisha karibu nacho. Anayekata mara moja kwa pupa huivuta plastiki, nayo huacha doa jeupe lisilofutika.

Maelezo yaliyokuja na kifani chetu yalikuwa kwa Kijapani, lugha ambayo hapana hata mmoja wetu aliyeifahamu. Jambo hilo lilitufaa sana. Tulibaki na michoro peke yake: vipande vimechorwa vikiwa mbalimbali, kila kimoja na namba yake, na mishale ikionyesha kiendako. Kwa jumla kazi huanzia chini na ndani, ikaishia juu na nje, kama ijengwavyo nyumba. Mwanafunzi hana budi kujiuliza kabla ya kila hatua: kipande hiki kitafunikwa na kipi? Asipojiuliza, atafunga bodi na kukuta kiti kimebaki mezani.

Katika mazoezi ya kufundisha tuliwafuata wanachuo wetu hadi Darasa la Tano la shule ya jirani. Humo mlikuwa na mvulana aliyehesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma, akakalishwa nyuma, na kwa muda mrefu hapana aliyemwuliza swali. Kundi lake lilipopewa mchoro, wenzake waligombea vipande, yeye aliichukua karatasi, akaizungusha taratibu hata mshale wa mchoro ukaelekea sawa na kijiti cha kipande kilichokuwa mkononi mwa mwenziwe, akasema, "Kigeuze." Kikageuzwa, kikaingia. Hatudai kwamba siku hiyo aliweza kusoma herufi. Tunalosema ni kwamba kugeuza alama iliyo katika karatasi kuwa tendo la mkono ndiyo asili ya kusoma, na mtoto huyo alikuwa nayo. Mwalimu asiyekuwa na zana nyingine ila ubao na kitabu hangeliijua kamwe, na mtoto angelimaliza shule akiamini kwamba hana akili.

Sasa tuje kwenye Hisabati. Gari lenyewe lina urefu wa milimita 3,395, upana wa milimita 1,475 na kimo cha milimita 1,725. Wanafunzi wagawe kila kipimo kwa 32, kisha wapime kifani kwa rula. Watapata urefu wa takriban milimita 106, upana 46 na kimo 54. Matairi yameandikwa 175/80 R16, maandishi ambayo kila fundi wa gereji anayafahamu: upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Mwanafunzi wa Darasa la Saba aweza kutafuta kipenyo: 406 kwa rimu, kuongeza 140 juu na 140 chini, jumla 686. Kwa skeli yetu gurudumu litakuwa na milimita 21 na nusu hivi.

Mtoto mdadisi atauliza kwa nini urefu ni 3,395, si 3,400 kamili. Swali hilo lisipuuzwe, kwani lina jibu. Sheria ya Japani inayahesabu kuwa magari madogo yale yasiyozidi urefu wa meta 3.4, upana wa meta 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660, na magari hayo hupata nafuu ya kodi. Waliolichora walilijaza gari mpaka ukingoni mwa sheria, wakaacha milimita 5. Hivyo wanafunzi watatambua kwamba vipimo havianguki kutoka mbinguni. Kila kimoja kina sababu yake.

Hapana budi pia kuwategea wanafunzi mtego ufuatao. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,030 hivi. Je, kifani kingetengenezwa kwa vitu vile vile, kingekuwa na uzito gani? Karibu darasa zima litagawa kwa 32 na kujibu kilo 32. Mwalimu asiseme kitu. Na ampe mmoja wao kifani akishike kiganjani. Jibu la kweli hupatikana kwa kugawa kwa 32 mara tatu, yaani kwa 32,768, kwa sababu kitu kimepunguzwa urefu, upana na kimo pamoja. Tutapata gramu 31. Kiganja kitakuwa kimelikanusha lile jibu la kwanza kabla ya chaki kuligusa.

Aidha yafaa wanafunzi waambiwe mahali ambapo kifani kinadanganya, maana kila kifani kinadanganya mahali fulani. Bati la bodi ya gari la kweli halifikii unene wa milimita moja. Likigawanywa kwa 32 lingekuwa jembamba kuliko karatasi ya daftari, na plastiki haiwezi kumiminwa hivyo ikasimama. Kuta za kifani zina unene wa milimita moja hivi. Kama gari la kweli lingekuwa na kuta za namna hiyo, zingekuwa na unene wa milimita 32, kama za kifaru cha vita. Ramani nazo hudanganya vivyo hivyo: barabara huchorwa pana kuliko ilivyo ili ionekane. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili katika gari ataliona katika ramani.

Tumefika penye jambo lililo gumu kuliko yote. Katika somo tulilolitaja, mwanachuo mmoja alisimama nyuma ya msichana aliyekuwa akijaribu kupachika kioo cha mbele. Kioo hakikuingia. Msichana alikigeuza, hakikuingia. Mwanachuo alinyosha mkono, akakitwaa, akakipachika mara moja, akatabasamu, akaendelea na kundi jingine. Msichana aliweka mikono yake mapajani, hakugusa tena kipande chochote hadi kengele ilipolia. Mwanachuo hakuwa mkali, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na huruma. Lakini huruma hiyo ilimwambia mtoto, bila neno, kwamba mikono yake haitoshi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto 30 wa umri wa miaka mitatu, minne na mitano, waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao vyenye vijiti na matundu. Waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa alisimamishalo mwashi: husimama mahali ukuta usipoweza kufikiwa, nalo huondolewa ukuta ukiisha kusimama. Wale wadogo walihitaji kuvutwa na kuonyeshwa. Wa miaka minne walihitaji zaidi maneno ya kuwasukuma na kuwasahihisha. Wakubwa walitaka tu kuthibitishiwa. Kifani cha kupachika kina sifa ya ziada, ambayo Maria Montessori, aliyefungua Nyumba ya Watoto mjini Roma mwaka 1907, aliithamini mno katika zana zake: chenyewe humwambia mtoto kwamba amekosea. Kijiti kisicho chake hakiingii. Kwa hiyo mwalimu hana haja ya kuharakisha kusema, kwani plastiki imekwisha kusema. Msichana yule alikuwa bado na jaribio moja tu la kukipindua kioo juu chini.

Wako watakaotupinga, wakisema kwamba watoto wetu hutengeneza magari ya waya, ya makopo na ya ndala kuukuu bila mchoro wala kisanduku, na kwamba huo ndio ubunifu wa kweli, ilhali kifani cha kununua humfunza mtoto kutii namba tu. Hoja hii ina uzito, nasi twaikubali kwa sehemu kubwa. Anayepinda waya huamua mwenyewe kila kitu; anayepachika plastiki ameamuliwa na mtu wa Shizuoka. Lakini gari la waya mara nyingi halina kipimo: magurudumu huwa makubwa kama tundu za kuku, na usukani hupita paa. Njia bora ni kuvifanya viwili hivi vifundishane.

Tulifanya hivi. Baada ya kupima kifani, wanafunzi waliambiwa watengeneze Jimny yao kwa katoni na vizibo vya soda. Kizibo kilipopimwa kilikuwa na kipenyo cha milimita 30. Gurudumu la kweli ni milimita 686. 686 kwa 30 ni karibu 23. Basi skeli si 1:32 tena. Kizibo kimeamua kwamba ni 1:23. Urefu wa katoni utakuwa takriban milimita 148, upana 64 na kimo 75. Hapa mwanafunzi hatii namba ya mtu. Anaitafuta yake kutokana na kile alichokiokota. Shule isiyoweza kununua kifani yaweza kuanzia hapa hapa, kwa vipimo tulivyovitaja, isikose kitu kikubwa.

Kwa darasa kubwa lenye kifani kimoja, yafaa kugawa makundi sita. Kundi moja lishughulike na kifani kwa kipindi kizima, mengine yachore, yapime na kukata katoni, kisha yapokezane hadi kila kundi limepachika sehemu yake. Kila kundi lilieleze kundi linalofuata mahali kazi ilipofikia. Maelezo hayo ni somo la Kiswahili lisilohitaji kitabu.

Tumalizie kwa andalio la somo. Wanachuo hujaza vizuri safu ya "Kazi ya Mwalimu": ataeleza, ataonyesha, atasaidia. Tunawashauri, kwa masomo ya vitendo, waongeze chini ya safu hiyo mstari mmoja unaotaja jambo ambalo mwalimu hatalifanya. Kwa mfano: "Mwalimu hatashika kipande chochote baada ya dakika ya kumi." Mkaguzi akiuliza maana yake, mwonyesheni mikono ya wanafunzi.