Wachungaji Wawili Ukingoni

Tulitoka Arusha alfajiri, tukakunja kulia Makuyuni, tukapita Mto wa Mbu na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kufikia mchana tulisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi. Chini, nyati walionekana kama siafu. Tukamshukuru Muumba.

Kando ya barabara kijana wa Kimasai alikuwa akichunga ng'ombe; naye ni mchungaji, kama sisi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959, watu na wanyama waishi pamoja. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Tukimsifu Mungu kwa ajili ya nyati tu, sifa yetu ni nusu. Kabla ya kuwaombea majirani hawa, tuwasikilize.