Uchovu usioisha: tuongee juu ya tezi ya shingo

Leo sisi vijana wa kujitolea wa Mantapala tunaandika juu ya ugonjwa ambao hauongelewi sana kambini: tezi ya shingo inayofanya kazi polepole.

Hapa kwetu mtu akichoka, majibu tunayo tayari. Tunasema ni malaria, na mara nyingi ni kweli, sababu Nchelenge ina malaria nyingi sana. Wakipima wakaikosa, tunasema ni damu kidogo. Damu ikiwa sawa, tunasema ni mawazo ya vita. Na sisi tuliovuka toka upande wa Pweto na Moba tangu 2017, nani hana mawazo? Basi mtu anaambiwa avumilie. Akiwa mama na nyumba haijafagiwa, anaitwa mvivu.

Kuna mama mmoja tunayemfahamu, jina lake tunaliacha. Alikuwa analala mchana wote na bado anaamka amechoka. Mwezi wa kumi, joto la kuunguza, yeye anajifunika kitenge kizito. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume, uso ukavimba, choo kigumu, nywele zinakatika. Kusahau nako kukazidi. Majirani wengine walisema amelogwa, wengine wakasema ni kufiwa. Zaidi ya mwaka ulipita mpaka nesi mmoja akamshika shingo, akamuandikia barua ya rufaa. Damu ilipopimwa, kumbe ni tezi.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini ya koromeo. Kwenye vitabu inaitwa tezi dundumio. Inatengeneza homoni ambayo inaamua mwili uende kwa mwendo gani: moyo, tumbo, joto, akili, hedhi. Homoni ikipungua, kila kitu kinaenda polepole. Ndiyo maana ugonjwa huu unajificha ndani ya magonjwa mengine.

Tuchukue mifano. Tezi dhaifu inaweza kupunguza damu, na mtu akakosa chuma mwilini, tezi nayo inashindwa kutengeneza homoni vizuri. Moja inavuta nyingine. Inaleta huzuni na akili nzito, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mawazo ya vita ya kweli NA tezi dhaifu pamoja. Inaharibu hedhi, inachelewesha mimba, inaongeza hatari ya mimba kutoka. Inapandisha mafuta kwenye damu, na mafuta hayo yanasumbua moyo. Kwa wengine chanzo ni kinga ya mwili kushambulia tezi yake yenyewe, na watu wa namna hiyo wana nafasi kubwa zaidi ya kupata kisukari kile cha kuchoma insulini, au mabaka meupe kwenye ngozi. Tena baadhi ya dawa za TB sugu zinaweza kuilegeza tezi, kwa hiyo mgonjwa wa TB sugu akianza kuvimba na kusikia baridi, amwambie daktari. Asiache dawa.

Sasa tuje kwenye sahani yetu. Tezi inahitaji ayodini. Wengi tunafikiri mtu wa ziwani hawezi kuikosa, si tunakula samaki na chisense? Ayodini nyingi iko kwenye samaki wa baharini. Wa maji baridi kama haya ya Mweru wanayo kidogo tu.

Halafu kuna muhogo, bukari yetu ya kila siku. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Usipolowekwa vizuri, mwili unaigeuza sumu ile kuwa kitu kingine kinachozuia tezi kuchukua ayodini. Ndugu zetu wa Kivu wanajua kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikuta kaskazini ya kisiwa karibu nusu ya watu wana rovu, yaani uvimbe wa shingo, lakini kusini-magharibi wachache tu. Ayodini ilikuwa pungufu pande zote mbili. Tofauti ilikuwa muhogo: kaskazini walikula mwingi zaidi.

Hatusemi muacheni muhogo, tutakula nini? Tunasema muloweke siku tatu au nne mpaka ulainike kabisa, halafu muanike vizuri juani. Njaa ikibana watu wanafupisha siku, tunajua, lakini hapo ndipo hatari inaingia. Sombe itwangwe na ichemke sana. Chumvi mnunue yenye ayodini, muiweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua, na muitie chakula kikikaribia kuiva.

Kwa mama mjamzito jambo ni zito zaidi. Miezi ya kwanza mtoto tumboni anategemea homoni ya mama yake ili ubongo ukue. Ikikosekana sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, hata kutosikia, na hilo halirudi nyuma. Kwa hiyo dada zetu, kliniki ya wajawazito muanze mapema, na ukiwa umewahi kuvimba shingo, sema siku ya kwanza.

Si kila uvimbe wa shingo ni tezi dhaifu, na si kila uchovu ni tezi. Kinachojua ni kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Hakifanyiki kila kliniki, ndiyo maana barua ya rufaa ni muhimu. Ikionekana, dawa ipo: kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kabla ya kula, mara nyingi kwa maisha yote. Vidonge vya chuma au kalsiamu visimezwe pamoja nacho, viachwe masaa manne. Na usimeze cha jirani, kikizidi kinasumbua moyo.

Yule mama anameza chake. Nywele hazijarudi zote, lakini sasa anakwenda kuchota maji mwenyewe.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika tunaomba: mtu akija mara ya tatu na uchovu uleule, msimalizie kwenye malaria na mawazo. Mshikeni shingo. Na sisi vijana, tuache kuita watu wavivu. Ukimwona jirani wa hivyo, msindikize kliniki. Sisi tuko tayari kutembea naye.