Nani Kasema?

Mjomba wangu, aliyenilea Ngamiani mjini Tanga baada ya baba yangu kufariki, alikuwa na mswala mmoja, redio moja na swali moja. Mswala haukukaliwa na mtu mwingine, redio, ingawa aliinunua kwa fedha yake na kuifunika kitambaa cha kudarizi kama biarusi, ilikuwa mali ya mtaa mzima ilipofika saa mbili ya usiku, na lile swali alimuuliza kila aliyeleta khabari barazani pake, awe mkubwa au mdogo, mwenye nazo au hohehahe: "Nani kasema?" Mimi sasa nimepindukia miaka sitini na mitano, na katika umri huo nimeziona khabari zikibadili vyombo vya kusafiria mara kadha wa kadha; lakini nikiyapima yote kwa mizani ya insafu, naona kwamba lililobadilika zaidi si mwendo wa khabari, bali ni hali ya swali lile.

Nililisikia likinielekea mimi kwa mara ya kwanza mwaka 1968, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi. Mjomba alikuwa msomi kwa kipimo cha zama zake: alihitimu Kurani chuoni, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kwa khati nzuri ambayo hata leo nikiitazama naionea wivu. Herufi za Kizungu, hata hivyo, zilimpita kando. Ajabu ya mambo ni kwamba Tanga ndio mji ambako gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi lilianza kupigwa chapa mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika skuli ya serikali ya Wadachi, kwa herufi hizo hizo. Lakini wazee wengi wa rika lake walikuwa wakilitazama gazeti kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumba yake uliofungwa na ufunguo akawa nao mwingine. Ufunguo wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Kila alasiri, baada ya chuo na kabla ya magharibi, nilikalishwa katikati ya baraza na kupewa gazeti la Uhuru niwasomee wazee, nao wakisikiliza wameinamisha vichwa, ila wakati wa kikatuni cha Chakubanga, ambapo wote waliinuka na kuchungulia, maana picha haihitaji msomaji.

Siku hiyo nilisoma khabari, sikumbuki tena ya nini, nilipokwisha mjomba akauliza, "Nani kasema?"

"Gazeti, mjomba."

"Gazeti halina mdomo. Nani kasema?"

Nikarudi juu ya ukurasa, nikatafuta, nikasoma kwa sauti: "Na Mwandishi Wetu."

Wazee wakacheka. Mjomba hakucheka. "Mwandishi wenu huyo," akasema, "kwao hakupewa jina?"

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu asili ya ukali ule. Watu waliosomeshwa kama mjomba hawakufundishwa hadithi za Mtume bila ya isnadi yake, yaani silsila ya wapokezi, fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kumfikia aliyesikia kwa masikio yake. Na silsila ikikatika kiungo kimoja, maneno yawe mazuri namna gani, wanazuoni huyatia katika daraja la dhaifu. Mjomba aliichukua kanuni hiyo ya elimu ya dini akaitumia katika bei ya mkonge, katika vita vya Biafra na katika matokeo ya mpira. Hakuwa mbishi, alitaka tu kumjua mtu ambaye, maneno yakigeuka uongo, atakwenda kumgongea mlango.

Kwa sababu hiyo redio aliipenda kuliko gazeti, kwani redio ilikuwa na sauti, na sauti ina mwenyewe. Baada ya taarifa ya saa mbili alisikiliza Mazungumzo Baada ya Habari mpaka neno la mwisho. Kisha aliisogeza sindano polepole katikati ya miluzi ya mawimbi mafupi, akaitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kusema nasi tangu mwaka 1957, apate kulinganisha maneno ya Dar es Salaam na ya London. Betri zilipochoka alizianika juani kutwa nzima zipate nguvu ya kumaliza juma. Na zile khabari kubwa za maisha yetu zilitufikia kwa mlango huo, kila moja na mwenyewe. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutapigana na Idi Amin aliyekuwa ameivamia Kagera, alitangaza kwa kinywa chake. Na Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki katika ajali ya gari njiani kutoka Dodoma, ni Mwalimu yeye mwenyewe aliyetupa khabari ile, na sauti yake ikawa nzito hata mjomba akaikaribia redio kana kwamba anataka kuishika mkono. Usiku ule hapakuwa na mtu wa kuuliza nani kasema. Tulinyamaza, tukaanza kusoma dua.

Vitabu navyo vilipita katika chekeche hilo hilo. Niliwasomea wazee Mzimu wa Watu wa Kale, alichokitoa Muhammed Said Abdulla wa Unguja mwaka 1960, sura moja kila usiku, nao wakampenda Bwana Msa na kiko chake kwa sababu hakusadiki mizimu kabla ya kuipekua. Lakini kitabu kilichomkaa mjomba rohoni ni Kusadikika cha Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, si mbali na mji wetu. Katika nchi hiyo iliyo hewani, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, naye badala ya kukana au kujificha, anasimama mbele ya mfalme na kuhadithia mambo ya wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kubwa na kulipwa kifungo. Mjomba alinisomesha hotuba zake mara tatu. "Huyu," alisema, "kasema, na kasimama pale pale aliposemea."

Nitakuwa mnafiki, hata hivyo, nikimfanya mjomba kuwa malaika na baraza lake kuwa mahakama ya haki. Redio ile ilikuwa na sauti, lakini ilikuwa sauti moja, na yaliyokuwa hayaipendezi serikali hayakupita humo. Ndiyo maana London ilisikilizwa kwa sauti ya chini. Tena palikuwa na mlango mmoja ambao swali la mjomba halikuulinda hata kidogo, nao ni mlango wa hofu.

Mwaka mmoja mvulana wa barabara ya pili kutoka kwetu alitumwa dukani akakawia kurudi. Ilipoingia isha, baraza zima lilikwisha kupata jawabu: kachukuliwa na mumiani, wale watu wanaosemekana kukamata wenziwao na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa, ameonekana akiingizwa katika gari, gari lilikuwa jeusi, hapana, lilikuwa na rangi ya majivu. Milango ikafungwa mapema, na wanawake wakawaita watoto wao kwa majina matatu matatu. Mimi, kwa ujinga wa utoto au kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mwema, nikauliza, "Mjomba, nani kasema?"

Akanikazia macho ambayo sijayasahau. "Watu wanasema," akajibu, na akaniamuru nikalale.

Siku ya pili mchana yule mvulana akarudi na gunia la machungwa. Alikuwa amepanda basi kwenda kwa shangazi yake Muheza bila ya kuaga. Hakuna aliyemtafuta huyo "Watu" ili amgongee mlango, na mjomba kwa muda wa siku tatu hakuniuliza swali lake. Basi nikisikia leo wenzangu wa makamo wakisema kwamba uzushi umeletwa na simu, huwakumbusha mumiani. Na wa Unguja na Pemba huwakumbusha mwaka 1995, popobawa alipowatoa watu vyumbani wakalala nje makundi makundi, ilhali hapakuwa na simu hata moja ya mkononi mitaani mwao. Uzushi ni mkongwe kuliko sisi sote; kigeni ni chombo chake.

Miaka ya tisini ilileta uhuru wa kuchagua wa kumsikiliza. Baada ya sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992 magazeti yalichipuka kama uyoga baada ya masika. Mwaka 1994 ITV ikaanza kuonyesha. Na penye meza ya muuza magazeti likazuka baraza jipya la watu waliosimama mikono nyuma, wakisoma vichwa vya khabari bila ya kununua, kisha wakaondoka wakibishana juu ya habari ambayo hakuna kati yao aliyeisoma. Lakini hata wakati huo tabia ya kale ilikuwa haijafa. Asubuhi ya Oktoba 14, 1999, jirani alinigongea dirisha kuniambia kwamba Mwalimu amefia London, nami sikutoa chozi mpaka nilipomsikia Rais Mkapa akilisema jambo lile mwenyewe. Mjomba hakuishi kuisikia siku hiyo, lakini naamini angengoja pia.

Kisha simu ikaingia mfukoni, na baraza likaingia ndani ya simu. Ukoo wetu umetapakaa toka Tanga hata Mombasa, Maskati na London, nasi tuna kundi letu la WhatsApp ambamo hupita dua za Ijumaa, picha za harusi, tiba za kisukari, siasa na mambo ya wanamuziki. Juzi mjukuu wangu alinijia mbio kuniambia kwamba msanii mmoja wa Bongo Fleva amefariki. Nikamwuliza swali la urithi. Akaugeuza uso wa simu kunionyesha, na juu ya maneno yale palikuwa na vishale viwili na maandishi madogo yanayosema kwamba ujumbe huo umesambazwa mara nyingi. Hapakuwa na jina. Jioni msanii mwenyewe akajitokeza, mzima wa afya, kusema kwamba amezushiwa kifo. Na kabla ya usiku wengine wakadai kwamba alijizushia mwenyewe ili apate kiki kwa ajili ya wimbo wake mpya. Nilikaa nikaitazama ile alama ya vishale nikaona kwamba yule "Watu" wa utotoni mwangu hatimaye amepata mhuri.

Lakini lawama yote nisiwatwishe watoto. Mwezi Machi wa mwaka 2021, baada ya Rais Magufuli kutoonekana hadharani tangu Februari 27, simu zetu zilijaa maneno usiku na mchana: yuko hospitali hii, yuko nchi ile, amekwisha kufariki. Nami kwa ukaidi wangu nilimwuliza kila aliyenitumia, nani kasema? Machi 12 Waziri Mkuu aliwaambia wananchi kwamba Rais yuko kazini. Polisi wakawakamata watu kwa kosa la kueneza uvumi. Na usiku wa Machi 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatoka katika televisheni akatangaza msiba. Nililia kama walivyolia wengine, lakini nilipokwisha kulia nilifikiri: miaka yote nimelielekeza swali la mjomba kwa mchukuzi wa khabari tu, na sikuwahi kulielekeza kwa mwenye khabari aliyekaa kimya. Anayejua na ambaye ni wajibu wake kusema, akinyamaza, "Watu" husema badala yake. Na akija kuwaadhibu kwa kusema, ameadhibu matunda na kuumwagia maji mti.

Mwaka huo huo, Oktoba 7, mjukuu yule yule alinijia na khabari nyingine: Chuo cha Sweden kimempa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Safari hii alitangulia mwenyewe kunitajia aliyesema, kisha akauliza, "Babu, ushamsoma?" Nikaona haya, maana jina nililijua na vitabu vyake, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, sikuwa nimevigusa. Mwaka uliofuata kimojawapo kikatoka kwa lugha yetu, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nami nikakinunua. Ila macho yangu yana ukungu, na herufi zile zile nilizomsomea mjomba zimeanza kunipita kando mimi pia. Basi mjukuu hunisomea baada ya isha, kurasa nne au tano, hapo hapo barazani, simu yake ameilaza kifudifudi juu ya saruji. Akifika mahali pa tashwishi humsimamisha msomaji, nami hufurahi, kwani msomaji ni yeye.

Ewe msomaji, sikuombi uitupe simu yako, maana hata mimi sitaitupa yangu. Ombi langu ni dogo kuliko hilo: neno likikufikia, kabla ya kulipeleka mbele, litafutie jina la aliyelisema, na kama halina jina, lipumzike kwako, na kama wewe ndiwe unayejua na watu wanakungoja, sema mapema. Na iwapo utamhadithia mtu haya niliyoyaandika, naye akakuuliza nani kasema, usione taabu kunitaja.